Umri wa Kadogo

Jirani wa chumba cha tatu, ambaye wapangaji wenzake humwita Saa Mbili kwa sababu habari zake hazichelewi, kama taarifa ya redio ya saa mbili, anadai kwamba Kadogo alizeeka siku moja tu, tena mbele ya macho yake. Anasema alikuwa bombani, ndoo ya pili imefika nusu, mtoto akapita mbio kwenda bafuni kumtazama mama yake, aliyekuwa ameingia kuoga tangu asubuhi na hajatoka. Mtoto alivaa kandambili za kijani za mtu mzima, zinampigapiga visigino. Miaka tisa. Saa Mbili anasema alisikia mlango wa bati ukisukumwa, kisha ndoo ikianguka. Maji yalipojaa, mlango ukafunguka, akatoka mwanamke wa makamo, nywele nyeupe kwenye paji, amembeba mgongoni yule mama, msusi, kama anavyobebwa mtoto mwenye homa. Miguuni kandambili zilezile za kijani, sasa zinamwenea.

"Kaingia mtoto, katoka mtu mzima," Saa Mbili husema. "Nimeona kwa macho yangu haya mawili, sikuazima ya mtu. Nikamwamkia."

"Akaitikia?" watu huuliza.

"Akaitikia vizuri tu. Ana adabu yule mtoto."

Mama yake Kadogo hapingi, kwa kuwa siku hiyo yeye alikuwa mgongoni na hakuona kitu zaidi ya kisogo. Ila anajua haikuwa siku moja. Kazi yake ni ususi, na kichwa cha mwanawe amekishika tangu utosi haujafunga. Unywele mweupe wa kwanza aliuona mtoto akiwa na miaka saba. Ilikuwa Jumamosi jioni, amemweka katikati ya magoti, anachora njia kwa mkia wa kitana. Mchana wa siku hiyo msusi alikuwa amelala fofofo, na Kadogo alikuwa amewaambia wateja watatu, mmoja baada ya mwingine, kwamba mama kaenda msibani. Kila mmoja alimtajia marehemu tofauti, akiwahesabu kwa vidole asije akawachanganya. Msusi aliung'oa ule unywele, akautazama kwenye mwanga, akautupa sakafuni pamoja na mabaki ya rasta. Juma lililofuata zilikuwepo mbili.

Msusi alikuwa anakunywa. Alianza kwa ajili ya mgongo, kwa maana kusuka ni kazi ya kuinama, na kichwa cha rasta nyembamba kinaweza kukukalisha tangu asubuhi hadi jua linazama. Mtu mmoja alimwambia kifuniko kimoja cha jioni kinalegeza mishipa. Kifuniko kikawa kichupa, kichupa kikawa viwili, na jioni ikaanza kuja saa nne asubuhi. Vilikuwa vile vichupa vya plastiki vinavyopangwa dukani kwenye kaunta, karibu na pipi, kimo cha mtoto. Alivificha kwenye mfuko wa rasta za rangi ambazo hakuna mteja anayezitaka. Baba wa mtoto alihama zamani na katika habari hii hana kazi.

Shule haikuleta tatizo. Darasa la tatu lilipoanza, Kadogo alikuwa na makunyanzi shingoni na miwani ya kusomea, akakalishwa dawati la mbele kwa ajili ya macho. Mwalimu wa darasa alikuwa kijana ambaye ndevu zake ungeweza kuzihesabu, na shida yake ilikuwa salamu tu. Hakuweza kukaa kitini anaamkiwa na mtu aliyemzidi bibi yake. Wakaelewana wenyewe: mlangoni mwalimu amwamkie Kadogo, ndani Kadogo asimame na wenzake wamwamkie mwalimu. Kwenye ripoti mwalimu aliandika: "Mtulivu. Anasaidia wenzake. Aongeze bidii katika hisabati." Msusi alisaini pale panaposema mzazi au mlezi. Mkono ulikuwa unatetemeka, kwa hiyo Kadogo alimshikia karatasi.

Msusi alijaribu rangi. Alichukua paketi ya rangi nyeusi, ile anayowapaka wateja wanaotaka kuposwa mara ya pili, akamkalisha mtoto, akampaka nywele zote na kumfunga mfuko wa plastiki kichwani. Rangi ilishika ngozi, ikashika masikio, ikashika na kola ya sare. Nywele zikatoka nyeupe vilevile.

"Niache tu, mama," Kadogo akasema, anajikuna. "Hata hivyo zinanipendeza."

Mambo yangeendelea hivyo, kwa sababu watu wakikizoea kitu wanakipangia mahali pake na kukipita. Kilichoharibu ni salamu. Asubuhi moja msusi alifumbua macho, mdomo mkavu, kichwa kama kinasukwa kwa ndani. Pale mlangoni palikuwa na mwanamke mzee ameinama, anapepea jiko la mkaa kwa kifuniko cha sufuria. Msusi akajivuta ukutani.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba," Kadogo akaitikia bila kugeuka. "Uji umeiva. Usisimame haraka."

Msusi alikuwa ameshapokea kikombe alipojua alichosema. Alingoja mtoto acheke. Kadogo hakucheka. Aliendelea kupepea, maana makaa yalikuwa mabichi. Aliitikia kama mtu aliyekwisha kuitikia mara nyingi, na msusi akakaa na kile kikombe akijiuliza ni asubuhi ngapi amemwamkia mwanawe asikumbuke. Uji ukapoa, ukashika utando juu.

Siku ileile alikuwa na mteja, mwanamke mnene mwenye mdomo mwepesi, anayezungumza hata kichwa kikiwa kimeinamishwa mpaka kidevu kinagusa kifua.

"Kaka yangu siku hizi yuko na wale watu," mteja akasema.

"Watu gani?"

"Wa kuacha pombe. Wanakutana zahanati, chumba cha nyuma, kila Jumanne saa kumi. Wanakaa wanaongea. Hakuna sindano, hakuna kidonge, hakuna kupigwa."

"Halafu?"

"Halafu ameacha! Mwezi wa tano huu hajagusa. Ila sasa analia ovyo. Hata tangazo la sabuni likipita kwenye televisheni, analia. Mama anasema bora alipokuwa mlevi, alikuwa anacheka. Aah! Dada, unanivuta!"

"Samahani."

"Ni kichwa hicho, si kamba ya ng'ombe."

Msusi akalegeza mkono. Hakuuliza tena, lakini saa na siku alizishika, na jina la chumba akalirudia moyoni kila alipofunga ncha ya rasta.

Jumanne ya kwanza alikwenda peke yake. Alioga, akafunga kilemba kipya, akanywa kifuniko kimoja tu ili miguu isimdhalilishe njiani. Zahanati ilikuwa na ukuta wa kijani chini na mweupe juu, na mizani ya watoto inaning'inia mlangoni. Ndani palinuka spiriti ya kusafishia vidonda, na msusi alisimama pale kwenye korido akiivuta ile harufu muda mrefu kuliko inavyohitajika. Kisha akazunguka nyuma. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa na kufuli. Barazani palikuwa na benchi refu, na kwenye benchi wazee saba, wanawake kwa wanaume, wamekaa wamenyamaza, fimbo zimeegemezwa ukutani.

Alimfuata mlinzi, aliyekuwa anakula muwa kivulini.

"Naulizia kikundi. Wanakutana chumba cha nyuma."

"Kikundi sikijui. Nyuma kuna wazee tu."

"Wazee wa presha?"

Mlinzi alifikiri, akatema kapi. "Kila Jumanne wapo. Na wazee ndio wenye presha. Basi watakuwa wa presha."

Msusi alirudi kuwatazama tena kutoka kwenye kona. Wazee walikuwa bado wamekaa. Mmoja alikuwa anasinzia. Hakuona mtu mwenye sura ya mlevi, na sura hiyo anaijua, anaiona kwenye kioo cha wateja. Akaondoka. Njiani alipita dukani, akanunua viwili, cha kwanza akakimaliza kabla ya kupokea kilichobaki cha noti yake.

Kesho yake Kadogo aliamka mgongo umepinda. Alitafuta kitana chini ya kitanda, akashindwa kunyooka, akabaki hivyo. Hakulalamika. Alikata mpini wa ufagio, akaupima na kimo chake kipya, akausugua ncha kwenye saruji usimchome mkono, na kutoka siku hiyo akautumia kama mkongojo. Msusi alimwona akiupima. Aliona pia kwamba mishipa ya mkono wa mwanawe imesimama kama mizizi, na ngozi ya kiganja imekuwa nyembamba. Kwa hesabu ya msusi, ambaye ameshika vichwa vya umri wote, mtoto alikuwa anapita sabini. Kilichobaki hapo mbele hakikuwa kirefu. Vichupa vingapi? Alijaribu kukadiria, akaogopa, akaacha.

Jumanne ya pili alijiambia anampeleka mtoto akatazamwe magoti. Walitembea taratibu, Kadogo na mkongojo wake, msusi na jasho lake. Mkoba wa msusi aliubeba Kadogo, kwa kuwa mikono ya mama yake siku hiyo haikuwa ya kubebea kitu. Kila penye kivuli walipumzika, wote wawili wakihema. Walipofika, msusi alimpeleka moja kwa moja kwenye lile benchi la barazani.

"Wazee wangu, tusogezeeni kidogo," akasema.

Mzee wa mwisho, mwanaume mwenye upara na nywele masikioni, aliondoa begi lake ili Kadogo akae. Lilikuwa begi la shule. Msusi akaliangalia. Akaangalia chini, akaona miguu ya mzee ndani ya viatu vyeusi vya gidamu na soksi nyeupe zilizovutwa mpaka magotini. Kaptula ya kaki. Aliyefuata, bibi wa watu mwenye kibiongo, alivaa sketi ya marinda na sweta lenye nembo ya shule. Wote walikuwa na sare. Jumanne iliyopita alikuwa ametazama nyuso na fimbo tu.

Mzee mwenye upara alikuwa anasukuma jino kwa ulimi.

"Linatikisika," akamwambia Kadogo. "La jirani yake lilitoka juzi."

"Usilivute," Kadogo akasema. "Litatoka lenyewe. Unakula upande gani?"

"Huu."

"Basi kula huu huu."

Mzee akakubali kwa kichwa. Kisha akauliza, "Wako yuko wapi?"

"Huyu hapa."

Mzee alimpandisha msusi na kumshusha kwa macho, kama mtu anayekadiria mzigo. "Mgeni?"

"Mgeni."

"Anatapika?"

"Zamani. Siku hizi anatetemeka tu."

"Wangu alikuwa anatetemeka hivyo hivyo. Mwambie mlango ni ule wa upande wa tanki la maji. Huu wa huku haufunguliwi. Mwambie asiogope, wanapewa chai."

Kadogo akainua uso. "Mama, ni mlango wa upande wa tanki."

"Nimesikia."

"Nenda basi. Nakungoja hapa. Usipitie kwingine."

Chumba kilikuwa stoo ya vyandarua. Marobota yalipangwa ukutani hadi darini, na katikati palikuwa na viti vya plastiki vimewekwa duara. Watu kumi na mmoja. Kwenye meza ndogo palikuwa na chupa ya chai na vikombe visivyofanana, na nyuma ya meza alikaa mwanaume mwembamba mwenye mikono safi mno, ambaye wote walimwita Fundi Friji. Ni yeye anayetengeneza majokofu ya baa zote mbili za mtaa ule. Bia za pale zinabaki baridi kwa mkono wake, na yeye hajaonja mwaka wa nane.

"Karibu, dada," akasema. "Umekuja na nani?"

"Nimemleta mama yangu," msusi akajibu. "Magoti."

Hakuna aliyemkatalia. Mwanamke mwenye sare ya ukondakta alimsogezea kiti kwa mguu.

"Kaa," Fundi Friji akasema. "Siku ya kwanza wote humu tuliwaleta mama zetu."

"Mimi nilimleta babu," mtu mmoja akasema kutoka upande wa marobota, na watu wakacheka kidogo, kicheko cha kikohozi, kikaisha.

Wakaanza kuzungumza kwa kuzunguka duara. Kila mmoja alitaja kazi yake na siku zake. Mchomea vyuma, siku mia na nne. Konda, siku kumi na saba. Mpiga pasi wa hotelini alisema siku moja, na juma lililopita pia alisema siku moja, na wakamshukuru vilevile. Ilipofika zamu yake, msusi aliibana mikono yake katikati ya magoti.

"Mimi ni msusi."

"Karibu, msusi," wakasema.

"Yule pale nje, aliyekuja na mpini wa ufagio, si mama yangu. Ni mwanangu. Ana miaka tisa. Siku aliyotimiza nilimwambia nitamsuka vizuri, nikalala. Alijisuka mwenyewe. Mikono haifiki nyuma, kwa hiyo nyuma aliacha."

Wakamshukuru.

"Wangu alianza kunyoa ndevu ana miaka sita," konda akasema. "Alijikata hapa. Nikamcheka."

"Wangu hana jino la mbele," akasema mchomea vyuma, "na sijui kama ni la utoto au la uzee. Naona haya kumuuliza."

Msusi akamgeukia Fundi Friji. "Nikiacha, inarudi?"

"Nini?"

"Miaka yake."

Fundi Friji alimmiminia chai kwanza. Akatia sukari, akakoroga, akampa kikombe upande wa kishikio, ameshika mwenyewe penye moto. Kisha akasema, "Hairudi. Inasimama pale ilipofika. Ukiacha leo, atabaki wa leo."

"Umejuaje?"

"Nimekaa humu miaka minane. Sijaona aliyerudi nyuma hata mwezi."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, dada." Alifunga kifuniko cha chupa ya chai. "Mimi wangu alifariki kwa uzee. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Ilikuwa asubuhi, usingizini, kama wazee waliojaliwa. Daktari aliandika hivyo hivyo, uzee. Nilikuwa nimeacha siku nne."

Nje, upande wa pili wa ukuta, ikasikika sauti ya mzee akipiga chafya, na sauti ya Kadogo ikimwambia afunike mdomo.

"Mwaka wa kwanza nilikuwa nakuja nakaa pale benchini, nafasi yake," Fundi Friji akasema. "Nao wananipisha. Halafu mmoja akaniambia, babu, wewe ni wa ndani. Nikaingia."

Saa kumi na moja mkutano ukaisha. Wazee wa benchi waliinuka, kila mmoja akachukua fimbo na begi, akamtafuta wake kwa macho. Barabarani palikuwa na magari mengi. Waliwashika wazazi wao mkono, wakatazama kulia, wakatazama kushoto, wakawavusha.

"Umesema?" Kadogo akauliza walipofika ng'ambo.

"Nimesema."

"Vizuri. Ulikunywa chai?"

"Nilikunywa."

"Vizuri."

Siku tatu za kwanza za kuacha, msusi alilala chini kwenye saruji kwa sababu kitanda kilikuwa kinayumba. Jasho lilimtoka kama bomba lililopasuka. Kadogo alimkanda kwa kitambaa, akamgeuza, akamnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, akimshika kidevu. Siku ya nne akaomba chakula. Siku ya sita akasuka kichwa, mistari minane, na mteja alipojitazama kwenye kioo akasema mbona leo njia zimenyooka hivi. Saa Mbili akatangaza bombani kwamba msusi ameacha, ingawa aliongeza kuwa hiyo ni taarifa ya awali.

Dukani mambo hayakubadilika. Vichupa viliendelea kukaa kwenye kaunta, karibu na pipi. Kila msusi alipoingia kununua chumvi au kiberiti, muuza duka, kwa mazoea na kwa heshima ya mteja wa siku nyingi, aliweka viwili mezani kabla hajaulizwa. Msusi alivirudisha kwa kidole kimoja. Kesho yake vilikuwa mezani tena.

Juma la sita hakuvirudisha. Ilikuwa siku ya kawaida, hata hakuna aliyemuudhi. Alikunywa kimoja amesimama nyuma ya choo, akasukutua mdomo kwa maji ya sabuni, akarudi kwa mteja. Kadogo hakujua lolote. Ila asubuhi jicho lake la kushoto lilikuwa limeingia ukungu mweupe, na alipomimina uji aliumimina pembeni ya kikombe.

"Sioni vizuri huku," akasema, akafuta meza. "Labda ni usingizi."

Msusi akasema, "Ni mimi. Jana, nyuma ya choo. Kimoja."

Kadogo alikunja kitambaa. "Basi Jumanne ukawaambie," akasema.

Akawaambia. Akaanza tena na siku moja, na wakamshukuru kama walivyomshukuru mpiga pasi. Jicho halikurudi. Tangu hapo msusi hakunywa tena, wala hakuna ajabu nyingine iliyomfika Kadogo. Uzee wake ulisimama pale, kama gari lililozimwa kwenye mteremko na jiwe likawekwa chini ya gurudumu. Miezi ikapita. Mgongo haukuzidi kupinda. Jino moja la utoto, la mwisho lililobaki juu, lilitoka lenyewe, na jipya likachomoza katikati ya fizi zilizonywea, jeupe, kubwa kuliko mengine.

Zahanati iliongeza benchi la pili barazani, maana la kwanza lilijaa. Mlinzi naye amejifunza. Mtu akija anababaika na kuuliza kikundi, humwonyesha kwa kipande cha muwa: "Zunguka nyuma. Ukiona wazee wenye sare za shule, hapo hapo."

Nyumbani msusi alirudisha kazi zake moja moja. Alianza kuchota maji. Akachukua kufua. Kupika kulimshinda mwanzoni, akitia chumvi mara mbili au akisahau kabisa, na Kadogo alikaa karibu na jiko akimwelekeza kwa mkongojo. Alijaribu kuamka kwanza, ili mtoto amkute yeye ameinama kwenye moto. Kila alipofumbua macho, Kadogo alikuwa amekaa kitandani gizani, viganja magotini, anangoja pakuche. Wazee hawana usingizi.

"Lala tena," msusi alimwambia.

"Nimeshalala," Kadogo akasema.

Jumapili moja saa kumi, hakuna mteja, jua limepoa na uani pamefagiliwa. Watoto wa kike wa nyumba ile walikuwa wamechora miraba kwenye saruji kwa kipande cha mkaa, minane, miwili miwili na mmoja mmoja, wanarusha kigae na kuruka. Walikuwa watatu. Kadogo alikaa kwenye kigoda mlangoni, ungo mapajani, anachagua maharage kwa kuyaleta karibu na jicho zima. Mmoja wa wale watoto, wa chumba cha mwisho, ambaye alizaliwa mwezi mmoja na Kadogo na waliwahi kubadilishana kandambili, akaja akasimama mbele yake, mikono nyuma.

"Kadogo, tumepungukiwa mmoja."

"Ngojeni nimalize haya."

"Ukimaliza haya utasema mengine."

"Itabidi nianue nguo pia," Kadogo akakiri.

Mtoto akarudi kwa wenzake, akawaambia wangoje. Msusi alikuwa ndani, amesikia yote. Akatoka, akafuta mikono kwenye khanga, akainama na kuushika ungo pande zote mbili. Kadogo hakuuachia mara moja. Kisha akauachia, na mikono yake ikabaki hewani, imepinda, upana uleule wa ungo.

"Maharage nitachagua mimi," msusi akasema. "Nguo nitaanua mimi. Moto nitawasha mimi, na chumvi nitatia mara moja. Wewe nenda kacheze."

Kadogo aliitazama ile miraba. Aliitazama kama mtu anavyoitazama barua ya lugha aliyowahi kuijua. Mkaa ulikuwa umeandika mistari minene, na jua lilikuwa linaipita upande. Mmoja wa watoto alikuwa ameshaingia katika mraba wa tatu, amesimama kwa mguu mmoja, kigae mkononi, hataki kukanyaga mstari.

Msusi aliweka ungo chini. Akachuchumaa mbele ya kigoda, ili amwone usoni, na akaishika ile mikono iliyobaki hewani, akaishusha magotini.

"Kidogo tu, mwanangu," akasema. "Mara moja tu. Nakuomba, nenda kacheze."

Kadogo akabaki kigodani, viganja magotini. Yule wa mguu mmoja alingoja, akayumba, akangoja tena, mwisho akachoka, akashusha mguu wa pili.